Boti Yangu Ilienda ku Matoleo

Mu mutaa wetu wa Nyalukemba wananiita Papa Nusu, na sitadanganya mutu: jina hilo nililipata kwa jasho langu. Masomo nilianzia kwa mapadri kule Nyangezi, nikaendelea Uvira kwa Waprotestanti, nikaachia Kamituga mu shimo la dhahabu, fasi yenye hawatoe diplome. Niko na nyumba ya kuta tatu. Ukuta wa ine, mbuzi za jirani wanausubiri kuliko mimi. Hata kuoa nilioa nusu: nilipeleka ng'ombe wa kwanza, kiisha barabara ikaniita.

Uzee uliponishika miguu nikakuja kukaa kwa dada yangu Madeleine, mu kachumba ka nyuma, karibu ya ziwa. Madeleine ni mutu wa shirika, yaani ule mukusanyiko wa Wakatoliki wa avenue moja wenye kusali pamoja na kuchunguzana. Niliona nikimufuata kule nitakufa mbele ya saa yangu. Basi mimi nikaingia kwa Armateurs.

Armateur ni tajiri mwenye meli. Armateurs wa Nyalukemba ni watu wazima wenye kutengeneza viboti vya urefu wa mukono, na kati yetu hakuna hata mwenye mutumbwi. Président ni Papa Constantin, zamani mutu wa douane. Anatazama boti ya mwenzake sawa vile alikuwa anatazama valisi yako ku mupaka. Tunaiga zile boti za kwenda Goma, kwa mbao za sanduku, makopo ya tomate na kole ya kubandikia. Sheria iko mbili. Boti yenye haijaelea mu ziwa mbele ya wote, hiyo ni meuble, samani ya nyumba tu, weka juu yake radio. Na boti ikiisha kuelea, inatembea: inalala wiki moja ku meza ya kila mwenzetu, aigeuzegeuze, aige chenye kiko kizuri, achekelee chenye kiko kibaya. Ile ya Mama Chantal, infirmière wa hospitali, ilirudi kwake na mikwaruzo ya watoto wa avenue nzima, lakini sisi wote tulikuwa tumejua namna ya kukunja bati bila kujikata vidole.

Mimi nilikuwa wa kupokea tu. Boti za wenzangu zililala kwangu, yangu haikulala kwa mutu. Kila mukutano Constantin aliuliza habari ya meuble yangu.

Kumbe safari hii nilimaliza. Niliiita Tutafika. Ilikuwa na sitaha mbili, cabine ya kapiteni ya kopo la sardine, na matairi ya pembeni niliyokata ku sandali ya marehemu shemeji yangu. Madeleine alitafuta ile sandali siku mingi. Tutafika ilikuwa na kasoro moja: mu beseni ya kufulia ililala upande wa kushoto, sawa mulevi anatafuta ukuta. Nikasema mu maji mingi itapata adabu. Nikatangaza kwa Armateurs: Dimanche, kiisha misa, ku kivuko. Ikizama, muniite Nusu mpaka ku jeneza, na ku club sirudie tena. Constantin alisema hapo njo nitakuwa nimemaliza kitu kimoja, kuondoka.

Ile Dimanche nilienda misa, maana kwa Madeleine kila mwenye kulala mule lazima asali. Nilikaa nyuma karibu ya mulango, fasi ya wenye zambi na wenye kuvuta tumbako. Ilikuwa zamu ya shirika yake kupeleka matoleo. Kwetu matoleo si kitunga cha sarafu tu. Bamama wanapanda na njia ya katikati wakicheza, ndizi ku kichwa, ananasi ku mukono, mbuzi nyuma akivutwa kwa kamba. Chorale ikaanza, bamama wakaingia. Mukungu wa ndizi ukapita. Miwa ikapita. Kiisha, ku kichwa cha dada yangu mwenyewe, juu ya ngata ya kitenge, Tutafika ikapita.

Ilikuwa imejaa maharagi mpaka ku madirisha. Ku chimney, bomba lake la moshi, walikuwa wamefunga kuku, na yule kuku alikuwa anatazama huku na huku sawa abiria mwenye kupanda bila tiketi. Nilitaka kulalamika, lakini utalalamikaje fasi watu wanapiga vigelegele? Padri wetu, Abbé Philémon, akaipokea kwa mikono mbili, akaiinua juu, kanisa nzima ikapiga makofi. Mwenye kukaa pembeni yangu alifuta machozi. Mimi pia, kwa sababu zangu.

Nje Madeleine alinieleza bila haya. Mama Aimée wa shirika yao aliahidi mbuzi. Mbuzi akakata kamba. Shirika ya avenue ya chini, Dimanche yenye ilipita, ilipanda na nguruwe. Wao wangepandaje na ndizi peke? Akakimbia nyumbani kutafuta chombo cha kuweka maharagi.

"Beseni ilikuwa na maji ya kupimia boti yako," alisema. "Ulitaka niweke maharagi ya Mungu wapi?"

Nikaingia mu sakristia. Abbé Philémon ni kijana wa Idjwi mwenye miwani, alikuwa anamenya chungwa. Tutafika ilikuwa ku meza kati ya ndizi. Kuku alikuwa ameisha kushuka kuelekea ku jiko, lakini aliacha alama yake ku sitaha.

"Papa, chenye kilipanda ku altare hakishuke," abbé akaniambia.

"Hata mbuzi wanashuka, Padri. Munawala."

"Tunawala. Haturudishe kwa mwenyewe."

Nikamuambia boti ni yangu, hapana ya Madeleine, na kutoa kitu cha mwizi ni zambi. Akajibu kwa upole kwamba basi nimushitaki mwizi, yuko pale ku mulango. Nikageuka. Madeleine alikuwa amesimama, mikono ku kiuno. Nikakumbuka nalala kwa nani.

Hapo nilimuambia abbé yote: kuta tatu, ng'ombe moja, Papa Nusu, wenzangu wenye walikuwa wananingojea ku kivuko na vicheko tayari mu mudomo. Nilimuomba anipe boti muda wa kuelea tu. Aliacha chungwa. Aliinua Tutafika, akatazama tumbo lake.

"Na inaelea?"

"Njo chenye nataka kujua, Padri."

"Ni kusema tulimupa Mungu boti ao meuble, hatujui." Akavua mavazi ya misa. "Twende. Lakini mimi njo naibeba, isisemwe altare inakopesha."

Tukashuka na njia ya ziwa, abbé mbele na soutane yake nyeupe, boti mu mikono, mimi nyuma, na nyuma yangu bamama wa shirika, maana mahali padri anaenda na kitu mukononi hawawezi kubakia. Armateurs walikuwa wameketi ku mawe. Constantin alitutazama sisi wote kwa zamu.

"Papa Nusu," akasema, "umekuja hata na mwenye kuizika?"

Nilipotaka kutoa maharagi, abbé alinipiga ku kidole. Maharagi nayo ilikuwa ya altare. Nikajua nimekwisha: boti yenye inalala upande ikiwa tupu, na mzigo itafanya nini? Nikaiweka ku maji na macho yangu mu milima ya ngambo.

Nikatazama. Tutafika ilikuwa imesimama wima, sawa bwana-arusi mbele ya wakwe. Ule uzito wa maharagi chini ulikuwa umeishika kiuno. Wimbi la mutumbwi wenye kupita likaja, ikainama kidogo, ikasimama tena. Constantin akachuchumaa, akafunga jicho moja, akatafuta kosa kwa kushoto, akatafuta kwa kuume.

"Ndani muko nini?"

"Mzigo. Boti za Goma zinaendaka tupu?"

Kiisha akasimama, akapangusa magoti. "Inaelea," akasema, sawa mutu anang'olewa jino.

Bamama wakapiga vigelegele mara ya pili siku ile, na safari hii nilivipenda. Kwa sheria sasa boti ilipaswa kutembea, na abbé, mbele mutu hajafungua kinywa, akatangaza amekuwa Armateur na zamu ya kwanza ni yake. Akaondoka nayo. Hakuna mwenye alikumbuka kutoa maharagi, na chini mu boti maji kidogo ilikuwa imeingia.

Samedi yenye ilifuata, zamu yake ikiisha, abbé alirudi kwangu na kitu kimefunikwa na taulo. Akaeleza: aliikalisha boti ku kabati ya salon yake. Usiku wa kwanza akasikia kitu kinalia, akazani ni panya, akaweka mutego. Kiisha ikaja harufu. Kiisha, wakati wa kula, mbele ya wageni, Tutafika ikapasuka kutoka mbele mpaka nyuma. Kumaliza kueleza, akafunua taulo. Mbavu zilikuwa inje, na mu madirisha maharagi ilikuwa imevimba, ingine imeota, inachungulia.

"Biblia inakataza kutoa sadaka yenye kilema," abbé akasema. "Nakurudishia."

"Kilema ni cha maharagi ya altare."

"Ni ya shirika."

Tukamutazama Madeleine.

"Mimi nilikuwa natafuta beseni," akasema.

Tulimuita Constantin akate maneno: niko Nusu ao siko? Akavaa miwani, akatia kidole mu mupasuko, akanusa kidole.

"Iliingia mu maji ikaelea, tuliona. Kupasuka ni mambo ya kiisha. Boti zote za hili ziwa zinaelea mpaka siku zinaacha, na wenyewe hatuwaite nusu."

Basi jina likafa hapo mu kachumba kangu. Kesho yake nilitoka asubuhi kununua kole, na ku kona ya kwanza tu watoto wakanisalimia kwa heshima yote: Papa Maharagi.

Tutafika iko ku meza tena, mbavu wazi. Mama Chantal ameleta bati, abbé anakuja kushika tochi na kusema mambo yenye hajui. Yale maharagi yenye iliota Madeleine aliyapanda nyuma, inapanda ku ukuta vizuri, na amesema mavuno yote itaenda ku matoleo. Nimeenda soko, nimemununulia beseni ingine, kubwa.