Dumu la Mbegu

Tarehe ishirini na nne Desemba, saa saba mchana, mama mkwe wangu alipanda juu ya kigoda jikoni, akapapasa darini juu ya mafiga, akashuka mikono mitupu.

"Immakulata," akaniita, "dumu la mbegu liko wapi?"

Nilikuwa namenya vitunguu huku nawaza mambo mengine kumi. Ndivyo nilivyo, mume wangu husema hata nikilala miguu yangu inaendelea na safari. Nikamjibu kwamba dumu liko palepale lilipokaa tangu Julai, atazame vizuri. Akapanda tena, akatazama vizuri. Halikuwepo.

Ni dumu la njano la lita tano, lilikuwa la mafuta ya kula. Ndani kulikuwa na maharage mekundu tuliyoyachagua punje kwa punje baada ya mavuno, ya kupanda Februari. Kwetu mbegu hailali pamoja na chakula. Inakaa darini ipigwe moshi, kizibo kimekazwa. Na kwa kuwa mwaka juzi wadudu walitutia adabu, safari hii nilikwenda mwenyewe duka la pembejeo Kasulu mjini, nikanunua dawa ya unga yenye picha ya fuvu kwenye pakiti, nikaichanganya humo kwa kijiti, pua nimeifunga khanga.

"Deborah!"

Binti yangu ana miaka saba. Alikuja mbio, kamba ya kuruka bado iko shingoni.

"Nimetoa sadaka," alisema, uso wote umechangamka. "Nimempa mama wa maandazi. Jana, ulipokwenda kisimani."

Kisu kikanidondoka.

Lazima nieleze, maana aibu hii ina mizizi. Mimi ndiye ninayefundisha watoto wa kigango chetu hapa Makere. Shule zikifungwa nawakusanya uani kwangu siku zote tisa za novena ya Noeli, nawasimulia hadithi za ukarimu, na kila mtoto analeta kitu cha kuwapelekea majirani zetu, wakimbizi wa kambini Nyarugusu. Sijisifu, lakini hadithi najua kuzikolezea chumvi. Mwaka huu niliwatungia ya mjane wa Kibondo, nilikozaliwa mimi, aliyekuwa na kuku wawili: mmoja anataga, mwingine mzee, anangoja siku zake tu. Akaja mgeni mwenye njaa, na mjane akampa yule anayetaga. Nikawaambia watoto, "Anayetoa kibovu hajatoa, amefagia nyumba." Wakairudia mara tatu kwa sauti, na Deborah akawapita wote kwa kelele.

Sadaka yangu mimi mwalimu je? Nilikuwa nimetenga bakuli la maharage yaliyobunguliwa. Lilikuwa pale karibu na mlango, limefunikwa ungo.

"Kwa nini hukumpa haya ya kwenye bakuli?" nilimuuliza.

"Yana matundu, mama. Ulisema tutoe kizuri."

Mama mkwe alinitazama. Mimi nilitazama vitunguu.

"Deborah, mwana wanje, mwanangu, yale yana sumu," nikasema. "Ni mbegu. Nimeyatia dawa. Mtu akiyapika anakufa."

Kamba ikaanguka chini.

"Mpigie simu huyo mama," alisema mama mkwe.

"Namba yake sina."

Miaka miwili nanunua maandazi ya Félicité, mama huyohuyo wa kambini, nampigia soga mlangoni, namuuliza habari za watoto kabla hajaniuliza za wangu, na namba yake sina. Wala sikujua anakaa upande gani wa kambi. Deborah ndiye aliyejua. Binti wa Félicité, Sophie, huja na mama yake siku nyingine, na hawa wawili walikuwa wameshaambiana kila kitu. Mlango wa bluu, alisema, nyuma ya bomba la maji lenye foleni ndefu, zoni ya nane.

Nilimkamata mkono tukatoka mbio. Pale njia panda alikuwepo Ridhiwani, kijana wa Kasulu mwenye bodaboda, amejikinga mvua chini ya paa la duka.

"Mama Debo, mbona mbio hivyo? Noeli ni kesho, haikimbii!"

"Nipeleke kambini. Sasa hivi. Kuna watu watakula sumu."

Utani ulimtoka palepale. Alipiga kiki mara mbili, tukapanda mshikaki, mtoto katikati. Barabara ilikuwa tope tupu. Pikipiki iliteleza hivi na hivi, na mimi nyuma nikipiga kelele aongeze mwendo, kisha nikipiga kelele apunguze, hadi kijana akaniomba kwa heshima zote nichague moja.

Sikuweza kuchagua. Nilikuwa napiga hesabu isiyotoka: amepewa jana saa tisa. Maharage yanalowekwa usiku. Kama aliyaloweka jana, leo yako motoni. Kama hakuyaloweka, yamepikwa jana ileile, na basi nakwenda msibani. Félicité ana watoto wanne. Nilijaribu kusali, nikajikuta nagombana: Imana, Mungu wangu, ulimwona mtoto anapanda kigoda, mbona hukumwangusha? Halafu nikaomba radhi. Halafu nikamkasirikia Deborah, kisha mama mkwe, kisha mwenye duka la pembejeo, na mwisho wa wote nikabaki na mimi. Kila moshi niliouona mbele ya safari niliuona kuwa wa jiko moja tu.

Karibu na kambi Ridhiwani alisimama. Getini wangetuuliza maswali mpaka jioni, alisema, bora tupite kijito kwa miguu, njia ya wauza kuni. Akaifunga pikipiki mtini, akambeba Deborah mgongoni. Mimi viatu nilivivua kijitoni, na mpaka leo sijui vilikoishia.

Tuliuona mlango wa bluu. Nyumba ya matofali mabichi, turubai juu, na mbele yake, kwenye mafiga matatu, sufuria kubwa inachemka. Watoto wanne wamekaa mduara, sahani mapajani, hata chakula cha kesho wanataka kukila leo. Na ndani ya sufuria, maharage mekundu.

Ningeweza kuuliza kwanza. Nililiendea lile jiko moja kwa moja, nikalipiga teke.

Sufuria ilibiringika, mchuzi ukamwagika wote topeni, mvuke ukapanda. Watoto waliruka nyuma wakipiga mayowe. Sophie alinitazama mimi, akamtazama rafiki yake Deborah mgongoni kwa Ridhiwani, akaanza kulia.

Félicité alitokea nyuma ya nyumba, jembe mkononi, miguu imejaa udongo.

"Maman Debo? Njo nini hii?"

"Wamekula? Wamekula wangapi? Tangu lini?" Nilikuwa nawashika watoto mmoja mmoja, nawafungua midomo, nawanusa. "Yale maharage ya jana, Félicité, yale ya dumu, ni ya mbegu. Yana dawa. Mtoto hakujua!"

Félicité alilaza jembe chini. Akaitazama sufuria.

"Ile haikuwa ya dumu," alisema taratibu. "Ile ni ya rasheni yetu. Tangu mwezi wa kumi na moja tuko tunapunguza kidogo kidogo, ili batoto bashibe Noeli."

Niliposikia hivyo nilifurahi. Naungama: kwanza nilifurahi, mwili wote ukawa mwepesi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ilipita kama dakika nzima ndipo nikaona nimesimama katikati ya Krismasi ya watu, peku, nimeimwaga yote.

"Dumu liko wapi?" niliuliza.

Alinionyesha kwa kichwa nimfuate. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiunga kidogo, upana wa mikeka mitatu, kati ya ukuta na mfereji wa maji. Udongo ulikuwa umelimwa ukalainishwa. Mashimo yalikuwa yamepangwa kwa kamba, mistari imenyooka kuliko ya shambani kwangu. Dumu la njano lilikuwa pembeni, kizibo kimekazwa, limefunikwa kipande cha turubai.

"Jana nilifungua, nikanusa," alisema. "Nikaona unga mweupe, nikaona punje zote ziko sawa. Mimi ni mulimaji, maman. Kule Fizi, kwetu Kongo, nilikuwa na shamba toka kwa mto mpaka kwa kilima. Mbegu minaijua, na dawa minaijua. Nilinawa mikono, nikabaambia batoto hakuna wa kugusa."

Akajipangusa udongo mikononi, akanigeukia.

"Ulizani tuko na njaa mpaka pua zimekufa?"

Hakuiuliza kwa hasira. Afadhali angefoka, ningepata pa kushika. Nilikuwa nimemwona huyu mwanamke miaka miwili kama mtu wa kupewa tu, mdomo na bakuli, na haikunijia hata siku moja kumuuliza alikuwa nani kabla ya maandazi. Nilitamani mfereji ule unimeze.

Akaliinua dumu, akanipa. Lilikuwa jepesi.

"Nimepanda nusu. Mutoto akitoa kwa roho yake siwezi kumukatalia, itamuvunja. Lakini kwetu, mutu akikupa mbegu, unapanda nusu, nusu unamurudishia, naye asikose ya kupanda. Nilikuwa nalileta nyuma ya Noeli, siku ya kuanza tena kuuzisha maandazi."

Tulirudi mbele. Watoto walikuwa wamechuchumaa kwenye tope wakiokota maharage, wanayatia kwenye beseni la maji. Ridhiwani alikuwa miongoni mwao, jezi yake nyeupe imekwisha kazi. Nilipiga magoti nikaokota nami. Yaliyookoka hayakufika hata nusu. Mengine yalikuwa yamepondeka, mengine yalikwenda na maji. Félicité alisema yatatosha. Hayakutosha, sote tuliliona hilo.

Deborah alikuja kuchuchumaa karibu yangu.

"Mama," alisema, na mtoto huyu hajui kunong'ona, "yule mjane alimpa mgeni kuku yupi?"

Ridhiwani akakohoa. Félicité aliinua macho, maana hadithi yenyewe hakuijua.

"Anayetaga," nikasema.

"Sisi tuna jogoo tu."

"Najua tuna nini, Deborah."

Jogoo yule nilimlisha pumba tangu Septemba. Alikuwa nyumbani amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko, anangoja asubuhi, na vile vitunguu nilivyoviacha vilikuwa vyake.

Njiani kurudi sikumpigia Ridhiwani kelele hata moja. Tulipofika nilimwambia asizime pikipiki. Mama mkwe alikuwa mlangoni, rozari mkononi, akataka kujua wangapi wamekufa. Nikamwambia hakuna, nikampa dumu. Alilitikisa karibu na sikio, akaniangalia.

"Nusu?"

"Nusu imepandwa, mama. Nitakueleza."

Nikapiga magoti kwenye nguzo ya jiko, nikafungua kamba. Jogoo alinidonoa kidole mpaka damu, na nikaona ni haki yake. Nilimfunga vizuri miguu na mbawa, nikachukua chumvi, mafuta, na ile kilo ya mchele wa Noeli, nikampa Ridhiwani vyote.

"Mwambie Félicité kesho kutwa nitakuja mwenyewe kumpigia hodi," nilisema. "Na uniletee namba yake ya simu."

"Poa, mama," alisema. Kisha akatafakari, akaongeza, "Hii safari ya pili ni sadaka yangu. Msiniandike kwenye hadithi."

Akaondoka na mvua yake. Mama mkwe alikuwa amesimama, ameshika kiuno, anatazama nguzo isiyo na jogoo.

"Na sisi kesho tutakula nini?"

"Maharage."

"Maharage yapi, Immakulata? Ya mbegu?"

Nilikwenda mlangoni, nikaliinua bakuli langu la sadaka, nikaliweka katikati yetu. Deborah alilichungulia. Mdudu mmoja mweusi alikuwa anatoka kwenye punje, bila haraka yoyote.

"Haya yana matundu," alisema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Leta ungo tuyachambue."