Kahawa Si Kinywaji

Ukimwambia Taisto Kemppi asile wala asinywe chochote tangu usiku, atakutii hadi tone la mwisho la maji. Kahawa je? Kwao Sodankylä, kijiji cha kaskazini kwenye baridi kali, kahawa si chakula wala kinywaji. Ndiyo kuamka kwenyewe. Basi asubuhi ya kupimwa tumbo kwa kamera akashusha vikombe viwili vya kahawa ya kuchemshwa, machicha na yote, akapangusa masharubu, akaenda kituo cha afya na mkewe Kerttu, dhamiri safi kabisa.

Alikuwa na haraka ya kupona, maskini. Jumamosi msako wa kulungu ulikuwa unaanza, na msimu uliopita kidonda cha tumbo kilimwangusha porini, wenzake wakambeba yeye badala ya kulungu. Daktari Ylitalo alimpa antibiotiki za kuua bakteria waliokichimba kidonda, na vidonge vya kupunguza asidi ili isiendelee kukichoma. Sasa kamera ikionyesha kimepona, ruhusa anayo. Isipoonyesha, atabaki nyumbani na kijiji kizima kitamcheka.

"Umekula au umekunywa chochote, mzee?" daktari aliuliza.

"Hata tone!"

Mpira wa kamera ukashuka kooni. Daktari alikodolea kioo macho. Tumboni mlikuwa na maji meusi yenye chembechembe, na damu ikikaa kwenye asidi huwa hivyohivyo.

"Kinavuja tena," alimwambia muuguzi. "Tayarisha kitanda, na mkewe aambiwe."

Taisto, mdomo umejaa mpira, akashika kikombe cha hewa na kukinywa kwa madaha.

"Tulia, mzee. Najua una kiu."

Muuguzi alitoka akauacha mlango wazi, na sauti ya Kerttu ikaingia.

"Damu? Jamani! Asubuhi alikuwa mzima, vikombe viwili kavimaliza!"

"Vikombe vya nini, mama? Si tulisema asinywe kitu?"

"Kwani kanywa kitu? Ni kahawa tu!"

Daktari akafumba macho. Kisha akamwaga maji kupitia mpira, akavuta weusi wote, akatazama upya. Palikuwa na kovu dogo, jeupe, kavu.

"Kidonda kimepona," alisema akiutoa mpira. "Akili yako sina dawa yake. Kahawa hiyo ingepanda ikakuingia mapafuni je?"

"Uliuliza kinywaji, daktari. Kahawa hukuiuliza."

Kerttu akaingia, macho mekundu. Taisto akatanua mikono akumbatiwe, lakini mkewe hakumsogelea.

"Mwaka jana ulitapika weusi jikoni, ukaniambia ni kahawa. Nikakuamini, nikapiga deki. Leo ni kahawa kweli, naambiwa ni damu. Nikuamini lini, wewe mzee?"

Utani ulimkauka Taisto. Aliona aibu ambayo hata porini hakuiona.

"Jumamosi twende wote," alisema taratibu.

"Nilikuwa nakuja hata usingeniambia," Kerttu akajibu, akipenga kamasi. "Bunduki nimeshaisafisha. Yangu, si yako."