Kibuyu cha Nane

Sina haja ya kuzunguka. Jumamosi niliumbuka mlangoni kwangu mwenyewe, mbele ya wakwe, na tangu hapo napita sokoni Mbulu kichwa chini.

Yule kijana, Fabiani, alikuja kumposa Leonsia, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye niliyemlea Leonsia, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa langu, na nilikwisha amua kukataa. Fabiani ni Mwiraqw wa jina tu. Kazaliwa Arusha, kakulia Arusha, hata salamu yetu anaitamka kama mtu anayetafuna kiazi cha moto. Leonsia alinililia sana. Nikamwambia, "Lia tu, mwanangu, machozi hayalipiwi."

Sasa, nyumbani kwetu kuna desturi aliyoiacha mama. Pombe ya posa haiingii ndani kimya. Mwoaji huivusha kizingitini kibuyu kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, kwa lugha yetu, mpaka kumi. Vibuyu vikibaki nje, posa imekataliwa, na hakuna wa kulaumiwa.

Nikakaa kwenye kigoda changu mlangoni. Nyuma ya Fabiani alisimama baba yake mdogo, na kando yangu mdogo wangu Gwandu. Majirani sikuwaalika, posa ya kukataa ya nini kuijazia watu?

"Haya, kijana," nikasema. "Si unasema wewe ni wetu? Tuhesabie. Kisichohesabiwa hakiingii."

Akainua kibuyu cha kwanza. "Wak." Cha pili. "Tsar." Tam, tsiyahh, koo'an. Cha tano kikaingia. Cha sita akakishika, akakitazama, akakirudisha chini.

"Vipi, kimekuwa kizito?" nikamwuliza. "Au hiki ni cha watu wa Arusha?"

Gwandu akacheka. Leonsia, pale kwenye mlango wa jiko, akajifunika uso kwa kanga. Nilimwona, na nikafurahi, Mungu anisamehe.

"Nimeishia hapo, Shangazi," Fabiani akasema. "Mama alinifundishia kwenye vidole vyake. Mkono mmoja tu ndio uliokuwa na nafasi, wa pili ulikuwa umembeba mdogo wangu. Halafu akafariki." Baba yake mdogo akatazama chini. "Nisaidie vilivyobaki. Wewe taja, mimi nifuatishe."

Ningekuwa na akili ningesema basi, chukueni vibuyu vyenu mwende. Lakini mimi na maringo ni chanda na pete. Nikainuka, nikakaza kanga kiunoni, nikaweka mkono juu ya kibuyu.

"Sikiliza watu wazima. Lahhoo'."

Akarudia, akakivusha.

"Faanqw."

Akarudia, akakivusha. Nikagusa cha nane, nikafungua kinywa.

"Nane," nikasema. Kwa Kiswahili.

Nikajikohoza. Nikaanza upya tangu wak, mbiombio, kama mtu anayerudi nyuma apate kuruka mfereji. Lahhoo', faanqw, nane. Duka langu ni la miaka mingi, na mchana kutwa ni kilo nane, mia nane, elfu nane. Neno letu nalijua. Nilikuwa nalijua. Liliondoka lini sijui, maana halikuaga.

Nikamgeukia Gwandu. "Hebu mtajie huyu mtoto."

"Mtajie wewe, dada. Si ndiye mkubwa?"

"Gwandu."

"Silijui," akasema kwa sauti ndogo. "Aliyekuwa anahesabu ni mama."

Kweli. Posa zote za nyumba hii, hata yangu mimi, mwoaji akikwama mama ndiye aliyemtilia neno mdomoni, na sisi tukaitikia kwa nguvu zote. Tulikuwa waitikiaji hodari. Mwaka jana tukamzika, tukarudi nyumbani, tukala, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba tumeizika na hesabu.

"Nikaulize kwa jirani?" Gwandu akaninong'oneza.

"Ukaombe hesabu kama unaomba chumvi? Kaa hapo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wangenicheka ningepata wa kumgombeza. Vibuyu vitatu vilikaa pale uani juani, na sheria nimeitamka mwenyewe. Kweli mkuki kwa nguruwe mtamu.

Leonsia akaja, macho mekundu. "Shangazi," akasema, "kumbe hata wewe si wetu?"

Mtoto niliyemlea hajawahi kunijibu hivyo.

"Leonsia, acha," Fabiani akamkataza. Kisha akanigeukia, mikono kaikusanya mbele kwa adabu. "Shangazi, naomba nijue tu. Mimi mama alinifikisha tano. Watoto wetu tukijaliwa, tuwafundishe mpaka wapi?"

Niliitafuta kejeli usoni mwake, nikaikosa. Alikuwa anauliza kwa moyo mmoja, kama anayeuliza njia. Angenikejeli ningemfukuza, na leo ningekuwa natembea kichwa juu.

Nikainama, mimi Emiliana niliyekuja pale kumwaibisha, nikakinyanyua kibuyu cha nane kwa mikono yangu, nikakivusha kizingitini bila kukitaja jina, kisha cha tisa na cha kumi vivyo hivyo.

"Mpaka saba," nikamjibu.