Mstari wa Nne

...na mkono bado uko juu, kiganja wazi, maana yake ngoja, na ukishuka tu fundi wa pampu atafungulia zege, bomba limeshahamishwa liko juu ya mstari wa nne, watu wanane wamesimama pale juu na mabuti yao na masepeto yao wakimtazama yeye, msimamizi mpya, siku ya tatu tangu avishwe kofia nyeupe, na hapo ndipo simu ikatikisika mfukoni, mtikisiko uleule wa asubuhi, na akakumbuka, asubuhi simu hii hii ilimkuta chini ya mbao akikagua mirunda, zile nguzo za miti zinazobeba sakafu mbichi mpaka ikauke, anausukuma mmoja, anagonga kabari yake, anautia alama ya chaki, anahamia wa pili, na alikuwa... alikuwa mstari wa ngapi, wa nne, mrunda wa kwanza, injinia huyo, ndiyo injinia, saa nne kamili injinia, akatoka nje kutafuta mtandao, akarudi kifua mbele, akaendelea na mstari wa tano. Wa tano, hasa, anakumbuka kilichomkwaruza kidole, kilikuwa kibanzi cha mrunda wa mstari wa tano. Basi mirunda kumi na mmoja ya mstari wa nne hakuna aliyeikagua, na ule wa kwanza, huu wa pembeni unaoonekana kutoka hapa, una chaki yake nyeupe safi, hata injinia akija atasema safi, hakuna atakayejua, hakuna kabisa...

“Bosi, tufungulie?” fundi wa pampu anauliza, na yeye anakaza uso, maana kukaza uso ndiko alikofundishwa, siku nzima ukumbini kwenye viti vya plastiki, semina ya uongozi, mwezeshaji na tai yake nyekundu, kiongozi hasitisiti, kiongozi akisitasita watu wanamnusa, naye akaandika daftarini kujiamini, akapiga mistari miwili chini yake, kusikiliza akaandika pia ila hakupiga mstari, na neno sijui halikuandikwa popote. Sijui lilikuwa neno la Mzee Ngoja, msimamizi aliyestaafu, waliyempa jina hilo kwa kumcheka, mbele ya mainjinia anakuna kidevu, sijui, ngoja nikaangalie, anatambaa chini ya mbao na nyundo yake, suruali magotini imetoboka, watu juu wanakaa, zege linangoja, na yeye huyu kijana wakati ule alikuwa akimwigiza mgahawani, ngoja nikaangalie, wenzake hoi kwa kucheka, ila miaka thelathini mzee yule hakuzika mtu wake hata mmoja, hilo hakuliigiza, halikuwa na kichekesho.

Na huko chini mtu anapiga mluzi. Mjomba. Seremala, kaka wa mama yake, aliyemlea, aliyemshikisha msumeno akiwa na miaka kumi, yeye ndiye hukaa chini zege likimwagwa, na nyundo, kusikiliza mbao, na asubuhi aliuliza, si kwa ubaya, “Bosi mjomba, umepita mpaka mwisho?”, na yeye akajibu “Nimepita,” bila hata kugeuza shingo, kwa sababu watu walikuwa wanasikia, kwa sababu neno bosi lile lilikuwa na utani ndani yake na utani ulimchoma, na mjomba akasema haya, akaokota nyundo, akaingia chini. Hakurudia kukagua. Angeweza, akaona itakuwa kumdharau mpwa wake mbele za watu.

Anaogopa, basi, mkono unauma na jasho linashuka kwapani, anaogopa wale wanane watashuka wakitazamana, kaanza huyo, afadhali hata Ngoja, anaogopa injinia ambaye simu yake haikomi, zege likikaa litaganda, lori litarudi na zege lililogeuka kifusi, kofia nyeupe itapewa mwingine, na pengine kabari zote zimekaza, jana mjomba alizipiga mwenyewe, pengine hakuna kitu, pengine... lakini usiku mvua ilinyesha, udongo pale ni wa kujaza, na sasa anaona sakafu nzima inashuka kama meza iliyokatwa mguu, na mluzi unakatika katikati, na mama yake mlangoni anauliza kaka yangu yuko wapi, na yeye amesimama mbele yake na uso uliokazwa, kiongozi, anayejiamini. Hofu ile ya kuchekwa imeenda wapi, ilikuwa kubwa hivi, sasa anaitafuta haioni, hii nyingine imeimeza.

“Bosi. Linaganda hili. Tufungulie au tusifungulie?”

Mkono uko palepale. Wanane wanatazama, simu inatikisika, mluzi unaendelea chini kule, wimbo uleule aliokuwa akibembelezwa nao, na yeye anavuta pumzi, anatafuta maneno, yanayokuja ni machache na yote ni mabaya, shukeni wote, mjomba toka huko, niliposema nimepita sikupita, na sauti anajua itatetemeka, acha itetemeke, anafumbua mdomo.