Ubao wa Kichwani

Katika duka lile mtu alionwa viatu kabla ya uso. Muuza viatu aliyehama alikuwa ameacha kioo kirefu ukutani, chini kabisa, usawa wa vifundo vya miguu. Na kwa kuwa duka la sanaa lilikuwa la msimu tu, la wiki chache za mwisho wa mwaka kabla mwenye jengo hajapata mpangaji wa kudumu, hakuna aliyejisumbua kukibandua. Mchongaji alisimama nyuma ya meza, macho kiooni. Kila kiatu kilichovuka kizingiti alikikagua hadi kisigino, kisha akakiacha kipite. Viatu vya ngozi vinavyong'aa. Raba. Kandambili za mtu aliyeingia kukwepa jua. Vile alivyovihofia havijafika: vyeusi, vya kamba, kisigino cha kulia kimelika upande mmoja.

"Nitakuja siku ya mwisho," mama yake alikuwa amemwambia. "Nizione hizo picha zako, halafu tupitie kwa seremala tuchukue ubao wangu. Msasa gani huo usioisha? Anaupiga kwa ulimi?"

Seremala hakuwapo. Hakuwahi kuwapo.

Baba alipofariki, mama alikigawa kitanda chao, mbao za chaga kwa huyu na miguu kwa yule, lakini ubao wa kichwani aliukatalia. Ulikuwa mpana na mzito, wa mti mgumu wa zamani, nao ukakaa ukumbini umefunikwa shuka kama mgeni aliyelala. Mchongaji alikuwa akiupita kila siku huku hana kipande cha mti cha kuchonga. Alikuwa kijana wa moto, wa kuamini kwamba sanaa haiombi ruhusa. Ubao ni ubao, akajisemea. Akaubeba, akamwambia mama unakwenda kupigwa msasa urudi mzuri kwa kitanda chake kipya, kisha akauchonga kwa patasi: paa za mtaa wao kabla ya mapambazuko, bati juu ya bati, waya za kuanikia nguo, na juu yake mbingu pana nyeusi.

Hiyo mbingu ndiyo iliyomponza. Alipoupaka ubao wino ili achape picha, akalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko cha mti, akaibandua na kukuta kitu ambacho hakukichonga. Katikati ya giza palikuwa na duara hafifu la mwanga, laini kama pumzi kwenye kioo. Aliupitisha mkono juu ya ubao, vidole vikatumbukia kwenye kibonde kidogo. Ni pale alipoegemea baba yake miaka nenda miaka rudi akisoma gazeti. Kichwa chake kilikuwa kimeula mti polepole, na kibonde hakikushika wino sawasawa na mahali pengine.

Wateja wakauita mwezi. Wengi walipita mbele ya picha nyingine wakitikisa vichwa kwa adabu, lakini kwa mwezi walisimama. Daktari mmoja wa meno, mama wa makamo mwenye kicheko cha karibu, alinunua nakala ya kwanza.

"Maisha yangu yote naziba matundu," alisema, "leo nimelipia moja. Hebu niambie, umeupataje mwanga huu?"

"Ni mbinu yangu," mchongaji akajibu.

Ni maneno matatu tu, yametoka kirahisi kama chafya. Lakini uongo ni kama wino wa chapa: unaugusa kwa kidole, unaukuta shavuni. Tangu siku ile kila aliyeingia alitaka kusikia habari za mbinu, naye alizidi kuipamba.

Msimamizi wa duka walimwita Bi Kikomo, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Kila kazi aliyoiuza ilikuwa na idadi yake ya nakala, na idadi ikitimia, basi. Ubao wa chapa ulikatwa mstari mbele ya wanunuzi ili usichape tena. "Mtu hanunui karatasi," alizoea kusema. "Ananunua neno langu kwamba hakutakuwa na nyingine. Kikomo ni kikomo." Mchongaji alikuwa ametia sahihi hayo yote akicheka, siku ambayo hakujua kama angeuza hata moja.

Sasa, siku ya mwisho, nakala zote za mwezi zilikuwa zimeuzwa, na kicheko kilikuwa kimekauka. Chini ya meza palikuwa na magunia mawili. Katika moja, ubao wa mama na shuka lake. Katika jingine, pacha wake wa uongo: ubao mpya alioukopa na kuuchonga mbiombio, paa zilezile na waya zilezile. Angeukata huo. Wanunuzi wangepiga makofi, mama angerudishiwa ubao wake siku nyingine, umegeuzwa uso, na yeye angepata muda wa kufikiri la kusema. Jambo moja tu lilikuwa limemshinda. Alikuwa amejaribu kukichimba kile kibonde kwa patasi, akajaribu kwa msasa, akajaribu kwa kipande cha chupa. Kila mara palionekana kama mahali palipokwaruzwa na mtu mwenye haraka. Basi akapaacha sawa, akitumaini kwamba ubao uliokatwa hakuna atakayeupaka wino.

"Safari hii tutafanya vizuri zaidi," Bi Kikomo alitangaza, akiweka mezani roli ya kupakia wino na kopo lake. "Akishakata, tutachapa nakala moja yenye jeraha lake, tuitundike dirishani. Kila mtu aone kwa macho."

Mchongaji aliyasukuma magunia kwa mguu, ndani zaidi chini ya meza. Akatazama kioo cha chini, na humo, kati ya viatu vya watu, vikaingia vile vyeusi vya kamba.

"Shikamoo, mama," Bi Kikomo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona huyu msanii wenu anayenikimbia nyumbani."

Watu wakacheka. Mama akazunguka polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Alipofika mbele ya picha ya paa alisimama. Alisogeza uso karibu na fremu. Kisha akainua kidole na kukizungusha juu ya kioo, bila kukigusa, kufuata lile duara.

"Huo mwezi, mama," daktari wa meno akamwambia. "Kijana wako ana mbinu yake. Tumembembeleza, hasemi."

"Mbinu yake," mama akarudia. Hakugeuka.

"Tuanze," Bi Kikomo alisema. "Leta ubao."

Mchongaji akainama. Humo chini mlikuwa na giza na harufu ya wino, akatamani abaki humo. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye gunia la yule pacha. Akautoa, akaulaza mezani, na alipoinua macho alimwona mama akiutazama mti ule mweupe, mchanga, usiojua kitanda wala mtu. Mabega ya mama yakashuka. Alipumua kama mtu aliyepapasa mfukoni na kuukuta ufunguo.

Pumzi ile ndiyo iliyomkata maini. Angeweza kumwachia utulivu huo. Patasi ilikuwa mkononi, mstari mmoja, na mama yake angelala salama. Lakini daktari wa meno alikuwa ameshainama, akipapasa mbingu kwa ncha za vidole, kwa mazoea ya kazi yake.

"Mbona mwezi siusikii? Utatokea wapi?"

Jibu lilikuwa tayari. Utatokea kwenye wino, angesema. Ndiyo mbinu yenyewe. Kinywa kilishafunguka. Akamwona mama anamtazama, si kwa hasira, ila kwa namna ya mtu anayengoja kusikia mwanawe ataongea kwa sauti ya nani.

"Hautatokea," akasema. "Huu sio wenyewe."

Akalitoa gunia la pili, akaulaza ubao mzito juu ya ule mwepesi, mweusi kwa wino hadi pembeni.

"Na mwezi sikuuchonga mimi. Aliuchonga baba yangu. Kwa kisogo."

"Na mafuta ya nywele," mama akasema. "Usiyasahau mafuta. Nilimshonea kitambaa cha kuegemea, akakifanya cha kung'arishia viatu."

Hakuna aliyejua kama acheke. Daktari wa meno alikunja mikono. "Kwa upande wangu," alisema taratibu, "ubao huu ningeuacha hivi ulivyo."

"Wewe ni mmoja," Bi Kikomo akamjibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ngumu. "Wengine wako majumbani kwao na neno langu ukutani. Huyu kijana ameshanichezea mara moja leo. Siwezi, jamani. Ningeweza, ningeuacha."

Mama alikwishafika mezani. Aliutazama ubao wake kwa muda mrefu, paa zote zile zilizochimbwa ndani yake, akagusa waya za kuanikia nguo, zake mwenyewe, za uani kwake.

"Huo mstari lazima upite wapi?"

"Popote, mama," akajibu Bi Kikomo. "Mradi picha isichapike tena."

Mama akafunua kiganja na kukilaza juu ya kibonde. Wino ukamshika hadi kwenye mikunjo ya vidole. Akakandamiza.

"Haya," akamwambia mwanawe. "Kata."

Akakata. Alianza chini kwenye kona, akapasua bati za jirani, akapasua waya, akaingia mbinguni. Mti mgumu ulilia. Alikwenda polepole kuliko siku yoyote aliyoshika patasi, kwani kila inchi ilimsogeza kwenye vidole vya mama, na vidole havikuondoka. Alipovifikia alipinda. Akavizunguka, akaendelea hadi ukingoni upande wa pili.

Nakala ile Bi Kikomo aliisugua mwenyewe. Ilipotundikwa dirishani, wapita njia waliona mtaa uliopasuka katikati, na mwezi mzima, na ufa mweupe uliojikunja ghafla kuupisha.

Njiani kurudi nyumbani mchongaji aliubeba ubao mgongoni, umefungwa kwa shuka lake lilelile. Mama alitembea mbele. Hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu. Alikuwa akikitazama kiganja chake cheusi, anakifumba na kukifumbua.

"Nikiufunga kitandani," akasema hatimaye, "hizo paa zako zitazame ukuta, au zinitazame mimi?"

"Unavyopenda, mama."

"Nimekuuliza wewe. Si una mbinu?"

Wakakata kona ya mwisho. Kila alipopiga hatua ubao ulimgonga kisogoni, taratibu, mahali palepale. Angeweza kuusogeza. Hakuusogeza.