Amelala, Imelala

Mimi sikuzaliwa na subira, na sitaki mtu aanze kunifundisha leo. Labda ndiyo maana nikaolewa na Futi. Futi ni mume wangu, fundi seremala kama mimi, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakati ubao mpaka aupime, aupime tena, halafu asimame aufikirie. Ni mtu wa kumwomba chumvi mezani, ikakufikia umeshanawa mikono. Karakana yetu iko nyuma ya nyumba. Kati ya msumeno wa meza na chumba cha kulala kuna mlango na ukumbi mwembamba, na ukumbi huo mama mkwe wangu ameufanya ufalme wake tangu mtoto azaliwe.

Mtoto tunamwita Bwana Mkubwa. Hana kazi, hana nywele za maana, na nyumba nzima inakwenda kwa amri yake. Siku zile meno ndiyo yalikuwa yanaanza kumchokoza. Cha ajabu, kelele za msumeno hazikumsumbua kabisa, lakini kijiko kikianguka jikoni, ni kilio mpaka majirani wanatuuliza kulikoni. Akiamka, wote tumeamka. Na mwenye maziwa ni mimi, kwa hiyo we acha tu.

“Umechoka,” Futi aliniambia asubuhi moja, akiniangalia nikikoroga chai ambayo sikuitia sukari.

“Nani kachoka? Umeniona nimelala mahali?”

“Ndicho ninachosema. Hujalala.”

“Futi, usinianze.”

Hakunianza. Alimeza chai yake, akaenda kufungua karakana. Tulikuwa na kabati la mshona nguo wa mtaa wa pili, na milango yake ilikuwa bado mbao tupu. Futi anakata, mimi namalizia. Msasa wa mwisho ni wangu, rangi ni yangu, na anayepitisha kidole juu ya ubao kusema umekuwa laini au bado ni mimi. Futi mwenyewe anakiri kwamba vidole vyake ni vya kupigia misumari.

Karakana ina sheria moja ambayo hata mimi siibishii. Msumeno wa meza ukiuzima, diski haisimami papo hapo; mota imekata, lakini meno yanaendelea kuzunguka kwa uvivu, na uvivu huo unakata kidole kama kawaida. Kwa hiyo anayezima anachomoa plagi ukutani, anangoja diski isimame kabisa, anainua plagi juu mwenzake aione, kisha anasema, “Imelala.” Mwenzake anajibu, “Ilale salama.” Hapo ndipo mkono unaruhusiwa kusogea. Wateja walikuwa wakitucheka. Mmoja aliuliza kama mashine yetu huwa inaota.

Siku ile, baada ya chakula cha mchana, jua liliingia kwa dirisha la pembeni na kulala sakafuni. Tulivaa miwani na vifunika masikio, Futi akawasha. Ukishaziba masikio, msumeno hauungurumi tena, unakuwa kama mvua ya mbali juu ya bati la mtu mwingine. Nilikuwa upande wa nyuma, napokea mbao zinazotoka. Vumbi lilipanda kwenye ule mwanga, likatulia hewani, na haki ya nani niliona halianguki. Lilikuwa linakwenda juu, polepole, jeupe, na mimi nakwenda nalo. Mbao zilikuja moja baada ya nyingine, zina joto. Nilitamani kuiweka moja shavuni. Kuna ubao mmoja nilioupokea nikiwa mahali pengine kabisa, nimelala kwenye shuka safi, dirisha wazi, hakuna anayeniita, na maziwa yote ya dunia yameshanywewa. Nilipofumbua macho ubao ulikuwa mikononi mwangu, nimeushika vizuri tu. Usingizi wa mang'amung'amu, lakini mikono inafanya kazi! Nikajisifu, mjinga mimi.

Kisha kipande chembamba kikajibana kando ya diski. Futi akaniinulia kiganja, maana yake ngoja, akabonyeza swichi. Soketi yetu iko nyuma ya rundo la mbao, kwa hiyo ilibidi ainame. Nikauona mgongo wake tu. Mvua ya mbali ikaanza kukatika. Nikaitazama diski chini ya taa ya tyubu inayoning'inia juu ya meza, na nikayaona meno yake yamesimama, moja moja, makali, yametulia kama meno ya kitana. Baadaye fundi umeme alinieleza kwamba taa zile zina mchezo huo, kitu kinazunguka na jicho linaambiwa kimesimama. Nani aliyekuwa na habari? Mimi niliona kitu kimetulia, na nilikipenda kwa utulivu wake.

Hapo sauti ikaja nyuma yangu, ndefu, ya furaha.

“...melala!”

Herufi ya kwanza ilibaki nje ya vifunika masikio.

“Ilale salama,” nikajibu, na moyo wangu ukalainika wote.

“Amina!” ikajibu ile sauti.

Futi hajawahi kuniambia amina maisha yake yote. Kama ningekuwa na akili zangu, neno lile tu lingenishtua. Lakini lilinipitia kama neno zuri la kufungia sala. Nikanyoosha mkono kukichomoa kile kipande.

Sikusikia maumivu. Kulikuwa na mguso mdogo, kama mtu amenigonga kidole kuniuliza jambo. Kisha nikaona ubao mweupe una madoa, nikashangaa nani kamwaga rangi wakati rangi bado sijaifungua. Futi aliinuka na plagi mkononi, mdomo umeshafunguka kusema neno lake, na neno halikutoka. Nilimwona akiruka juu ya lile rundo la mbao. Futi! Mtu wa kupima mara mbili! Aliruka bila kupima kitu, akanikamata mkono na kuuinua juu, akaubana kwa shati lake.

“Nimesema?” alikuwa akipiga kelele. “Mke wangu, nimesema imelala? Nimesema?”

“Umesema.”

“Sijasema!”

Tukageuka wote wawili. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya mtoto begani, uso bado una mabaki ya tabasamu. Alikuja kutupa habari njema, kwamba Bwana Mkubwa hatimaye amelala. Nami nikamwombea alale salama, naye akaitikia.

“Nimesema amelala,” alisema polepole. “Mtoto. Nimesema mtoto amelala.”

Hospitali walinishona vizuri. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ncha yake imefunguliwa kimshazari, lakini mfupa mzima. Muuguzi alisema nina bahati, na nilitaka kumjibu vibaya, nikakosa nguvu. Daktari alikuwa mkweli zaidi. Nyama itajifunga, alisema, ila mishipa ya fahamu ya kwenye ncha ina mambo yake. Inaweza kurudi, inaweza isirudi, na hakuna dawa ya kuiharakisha. Niliuliza nitajuaje. Akasema nitajua nikigusa.

Nyumbani nikakuta neno limefukuzwa. Mama mkwe hakulitamka tena. Mtoto akipitiwa na usingizi, alikuja mpaka mbele yangu, akakunja viganja chini ya shavu lake mwenyewe kama bubu, akaondoka ameinamisha kichwa. Chakula alinikatia vipande vidogo bila kuniuliza. Nilivumilia, na kuvumilia si kazi yangu. Mwishowe nikalipuka.

“Mama, kaa hapa.”

Akakaa.

“Nani alinyoosha mkono?”

“Mwanangu, mimi ndiye niliye...”

“Nimeuliza nani alinyoosha mkono! Ulikuwa wako? Plagi sikuiona, nikajibu. Futi sikumwona uso, nikajibu. Ningesikia paka anapiga chafya siku ile, ningemjibu ilale salama. Nilikuwa nataka kulala, mama. Nilitaka sana mpaka nikasikia ninachotaka.”

Alilia, na mimi nikalia, tukagombania ncha moja ya kanga kufutia machozi. Kisha akanipokonya kitambaa cha mezani nilichokuwa nakikunja, akanisukuma chumbani, akafunga mlango kwa nje. Nililala mpaka jua likahama ukuta. Sikuota chochote.

Karakana haina neno siku hizi. Mwenye plagi anaizunguka meza na waya wake, anakuja kuiweka mkononi mwa mwenzake. Futi amerefusha waya kwa ajili hiyo tu, na bila shaka aliupima. Mkono usioshika plagi hausogei, na asiyelala haingii kabisa. Hilo la mwisho ni langu, na Futi hakuamini masikio yake nilipolisema.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilirudi nimejikaza. Njiani nilikigusisha kidole kwenye ukuta, kwenye kitasa cha mlango, kwenye mfuko wangu wa plastiki. Nilijidanganya kwamba ukuta ni ukuta tu, mtu ausikie kwa nini. Futi alikuwa ameniwekea mezani mlango mmoja wa kabati, nusu umepigwa msasa na nusu bado, akajifanya anatafuta gundi ili asinitazame. Nikapitisha kidole kutoka huku hadi kule. Macho yaliniambia wapi ni laini, kidole hakikuniambia kitu. Ubao wote ulikuwa sawa, kama naugusa kwa kidole cha mtu mwingine.

“Vipi?” Futi aliuliza, kichwa ndani ya kabati la gundi.

“Bado.”

Nikaingia ndani. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapumua, na mama mkwe amesinzia kwenye kiti. Bwana Mkubwa alikuwa amelala chali katikati ya kitanda chetu, mikono juu, mdomo wazi, meno mawili yameshatoka na vita vimekwisha. Nikapiga magoti. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitali. Nikanyoosha kile kidole, polepole, nikakiweka kwenye shavu lake.

Niliona shavu likibonyea. Niliona akikunja uso kidogo kisha akautuliza. Sikusikia joto wala ulaini, sikumsikia mwanangu. Nililia kimyakimya, machozi yanaingia mdomoni, na sikukiondoa kidole haraka, nilikipa nafasi yake. Nilingoja. Mimi, nilingoja.

Kisha nikabadili kidole.