Sekunde Hamsini na Mbili za Murielle

"Sema basi! Jumatano ulikuwa na mdomo, leo umeuweka wapi?"

Mama Elisante alisimama katikati ya ua, karibu na bomba, simu kaielekeza usoni kwa Murielle. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, siku ya kufua, kwa hiyo ua wa nyumba ile ya Bellevue, Johannesburg, ulijaa watu: vyumba tisa, familia saba, na kamba mbili za kuanikia ambazo tangu zamani hazikumtosha mtu. Kila mmoja alikuwa na beseni mbele yake, na hakuna aliyekuwa anafua.

"Nakusemesha wewe, Murielle. Mimi ndiyo napika na sufuria za maiti? Mimi?"

Murielle alikuwa msusi, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, mwanamke ambaye siku zote alianza kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Alifungua mdomo, akaufunga. Akapiga kiganja juu ya kiganja. Akajishika koo.

"Anakudharau huyo," mtu akachochea kutoka nyuma ya mashuka.

"Hapana, dada, hakudharau," alisema Benita, aliyekaa naye chumba kimoja na kusuka naye saluni moja. "Hana sauti. Ilitoka ile Jumatano, haiyarudia."

"Ilitoka ikaenda wapi?"

"Iko mu simu ya batu."

Mama Elisante alimtazama Murielle kooni, akaona ni kweli hakuna kitu. Akainua beseni lake. Hasira alikuwa nayo, tena nyingi, lakini ugomvi wa kujijibu mwenyewe haunogi.

Lililotokea Jumatano ni hili. Mama Elisante, ambaye jina lake ni Emiliana, Mpare wa Same, aliolewa Morogoro na mpigania uhuru wa Afrika Kusini, na uhuru ulipopatikana akaja naye Johannesburg. Mume alishafariki. Alimwachia vyumba viwili vya mbele vya nyumba ile, wifi aitwaye Nomsa, na uanachama katika chama cha kuzikana cha ukoo. Chama kama hicho kina hema lake, viti vyake na masufuria yake ya kupikia watu mia mbili. Kwa kuwa hakuna mwanachama mwenye nafasi ya kuviweka vyote, vinatunzwa katika ghala la kampuni ya mazishi iliyoko Troyeville, hiyo hiyo inayowazikia watu wao. Nomsa na ndugu zake hawaoni ajabu yoyote hapo. Vyombo vya msiba vikae wapi kama si kwa watu wa msiba?

Mama Elisante aliishi kwa kupika. Dirisha lake la jikoni lilitazama barabarani, na mchana watu walipanga foleni hapo: mtori, maharage ya nazi, sombe, yaani kisamvu, aliyoitwanga vizuri hata Wakongomani wakasahau kuuliza ametoka wapi, na Ijumaa pilau. Waliokuwa na haraka walikula wamesimama. Wasio na haraka waliingia ndani wakakaa, na wasio na haraka ndio waliokuwa wengi, kwa sababu habari zote za Bellevue zilipita kwenye meza ile kabla ya kwenda kwa wenyewe. Jumapili iliyofuata alikuwa na kazi kubwa, kulisha kwaya na wageni wao, watu themanini. Sufuria zake hazikutosha, akaenda na Nomsa kuazima za chama.

Murielle alikuwa anapita njia hiyo, ametoka kununua nywele za kusukia. Aliwaona wawili hao wakitoka kwenye geti chini ya kibao kilichochorwa jeneza, kila mmoja na sufuria kichwani, wanacheka. Bukavu kwao, kwenye geti la namna hiyo hakitoki chakula. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akasema, akaachia kidole. Ujumbe ukaenda kwenye grupu la kwaya, na sauti ikaenda nao.

Watu hufanya hivyo kila siku na sauti zao hubaki. Ya Murielle haikubaki. Aligundua alipotaka kumkaribisha mteja kwenye kiti. Kliniki, nesi alimmulika koo, akamuuliza kama kuna kitu alikituma kwenye grupu, akajibiwa kwa karatasi kwamba kipo, akaandika kwenye faili lake kwamba ni wa tatu wiki hiyo, akampa chumvi ya kusukutua.

Ujumbe ulikuwa wa sekunde hamsini na mbili. "Ba-mama na ba-dada mu Kristo," ulianza, "musikule tena chakula ya ule mama Mtanzania wa ku dirisha. Miye mwenyewe nimemuona na macho yangu mbili, anatoka na sufuria mu nyumba ya maiti. Sisemi anafanya nazo nini. Nasema tu nimeona." Kisha ulishuka taratibu hadi mwisho wake: "Mutumie na wengine, mutaokoa watoto."

Ulikuwa mwaka ule soseji za polony zilipoondolewa madukani baada ya watu kufa, na tumbo la jiji zima lilikuwa limeshaingia wasiwasi. Alhamisi sauti ilikuwa Yeoville yote. Ijumaa asubuhi ilikuwa Durban na Lusaka. Ijumaa mchana Elisante aliipata huko Cape Town, kutoka kwa mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akamrushia mama yake na kuuliza: "Mama, huyu anayesemwa si wewe?"

Kuanzia hapo sauti haikuhitaji simu tena. Muuza viazi aliikuta kwenye robot, zile taa za barabarani, ya Rockey Street imesimama peke yake, inawaambia waliokuwa wanasubiri kuvuka. Walisikiliza. Robot ikawa kijani, wakavuka. Mwanamke mmoja alirudi nyuma kuisikiliza tena kwa sababu mara ya kwanza alikosa jina la mtaa.

Jumapili Mama Elisante alipeleka chakula kanisani kama alivyoahidi. Pilau, sombe, samaki wa kukaanga, kachumbari. Akapanga sahani ukumbini, akasimama nyuma ya meza na kitambaa chake cheupe kichwani. Watu walimwamkia vizuri sana. Walimuuliza habari za Elisante. Walichukua soda.

"Nimefunga leo, Mama."

"Na mimi nimefunga."

Watu thelathini na mmoja walimwambia wamefunga, na wengine hawakusema kitu, walipita tu upande wa milango. Kiongozi wa kwaya alichota pilau kijiko kimoja, akazunguka nacho ukumbini mpaka alipokiacha dirishani. Sufuria zilirudi Bellevue nzito kama zilivyokwenda.

Hénock aliona aibu. Yeye ndiye aliyekuwa admini wa grupu, mlinzi wa geti kwenye nyumba moja kubwa ya mtaa wa Observatory, mtu anayependa mambo yaandikwe na yawe na saa. Jumatatu aliunda kamati ya watu watano, akavaa sare yake ya kazi, wakaenda Troyeville na Mama Elisante na Nomsa kujionea. Ghala lilikuwa mbele, maiti nyuma, kati yao ukuta na ofisi ya karani. Waliona hema. Walihesabu viti. Waliinamia kila sufuria wakanusa.

"Eish! Kwenu vyombo vya msiba mnalala navyo kitandani?" Nomsa aliuliza kwa Kizulu, na Mama Elisante akatafsiri bila kulainisha.

Wote watano wakakubali kwamba wameona. Hénock akapiga picha, akairusha na maelezo yenye tarehe. Zikaja amina nyingi na mikono ya kushukuru. Halafu mtu akauliza: "Na Murielle mwenyewe anasema nini?"

Murielle aliandika, kwa vidole vyake, mbele ya Benita na Hénock: "Nilikosea. Sufuria ni za chama. Munisamehe."

"Huyu si Murielle," likaja jibu. "Murielle haiyawahi kusema kitu kifupi."

"Wamemunyang'anya simu."

"Kuandika kila mutu anaandika. Atume sauti."

Hénock alieleza kwamba sauti haipo, ndiyo hiyo wanayoisikiliza. Wakamjibu kwamba basi waendelee kuisikiliza.

"Fanya kitu, baba, wewe si ndiye mkubwa wa grupu?" Mama Elisante alimwambia.

"Mama, miye ni admini. Siko Mungu."

Jirani wa Mama Elisante, Théodore, shemasi, fundi cherehani aliyekaa chumba kinachofuata, alikuwa ameurusha ujumbe kwenye magrupu manne. Mama Elisante alimfuata mpaka kwenye mashine.

"Sikusema ni kweli," alisema Théodore, mguu haujaacha kukanyaga. "Nilituma vile nilipokea."

"Miaka sita tunakaa ukuta mmoja, Théodore. Ungegonga ukuta ukaniuliza."

Théodore alifikiria ukuta. "Kweli," akasema. "Lakini ku simu ilikuwa karibu zaidi."

Mama Elisante alipomsimulia Nomsa, Nomsa alicheka hadi akashika kiti. Akamkumbusha kwamba mwezi wa tatu yeye Emiliana ndiye aliyemtumia ile habari ya Msomali wa spaza, kile kiduka cha mtaani, anayechanganya unga na chokaa. Mama Elisante alisema ile ilikuwa tofauti, ile alipewa na mtu wa kanisani. Kisha akachambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa.

Watu hawakumkimbia, na hapo ndipo palipouma. Waliendelea kuja, wakakaa mezani, wakachaji simu, wakaleta habari. Walimshika mkono. "Sisi tunajua ni uongo, Mama. Ni vile tu kuna watoto." Hata wasio na watoto walisema hivyo. Aliwawekea sahani, wakaisogeza kidogo ili wapate pa kuweka viwiko. Yeye alizoea nyumba iliyojaa watu wanaotafuna na kusema kwa pamoja, mifupa ya samaki kwenye kila kona ya meza. Sasa nyumba ilijaa vilevile, lakini ilikuwa kama foleni ya ofisini. Alipunguza mchele. Akapunguza tena. Siku moja alipika kikombe kimoja, akala mwenyewe, amesimama.

Alhamisi ya wiki ya pili, Hénock akiwa zamu ya mchana, sauti ilipita kwenye geti lake huko Observatory. Aliitambua kabla haijafika. Kwanza aliitaka isaini kitabu cha wageni, kama utaratibu unavyosema, ikashindwa. Ndipo akaiambia kwamba mwenyewe, Murielle, anaitafuta. Sauti ikamjibu kwamba asile tena chakula cha yule mama Mtanzania. Hénock akamwomba mwenzake amshikie geti, akateremka kilima kwa miguu, polepole, sauti ikimfuata nyuma. Njiani iliwaambia watu ishirini na watatu. Alijaribu kuimba ili kuifunika, lakini watu wakawa wanasimama kusikiliza wimbo, wanapata na ujumbe.

Saluni, Murielle alikuwa na mteja, kichwa kimesukwa upande mmoja. Aliiona sauti yake mlangoni, machozi yakamtoka, akafungua mdomo. Iliingia bila shida, kama mtu anayerudi kwenye chumba alichokipanga.

"Sema kitu," Benita alimwambia.

Murielle alivuta pumzi. "Ba-mama na ba-dada mu Kristo," alisema, "musikule tena chakula ya ule mama Mtanzania wa ku dirisha."

Akashika mdomo kwa mikono miwili. Ilibidi asubiri sekunde zote ziishe. Walimwambia ataje jina lake, yakatoka yale yale. Walimwambia aimbe, akayatoa kwa tuni ya wimbo wa kwaya, vizuri tu. Maneno mengine yote sauti ilikuwa imeyadondosha njiani, kati ya Durban na Lusaka na sijui wapi, na haya ndiyo iliyobaki nayo. Mteja alishukuru, akafunga kitambaa juu ya nusu kichwa, akaondoka.

Kabla Hénock hajarudi getini kwake, mtu aliyekuwa amesimama nje ya saluni alikuwa amesharekodi. "Murielle amepatikana," aliandika. "Amerudilia maneno yake. Amesimama ku ukweli." Amina zikawa nyingi kuliko za mara ya kwanza. Hénock aliifuta picha ya ghala kwa sababu watu walikuwa wameanza kuzizungushia sufuria zilizomo duara jekundu kama ushahidi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mama Elisante alichukua sufuria yake ndogo, akapika pilau kwa viungo vyote, hakupunguza kitu, na saa sita akafungua dirisha. Harufu ikaenda mpaka kona ya Rockey Street. Watu waliifuata kwa pua, wakafika karibu, wakakumbuka. Uani walikuwepo watano au sita, wanafua kidogo, wanatazama sana. Théodore alikuwa mlangoni kwake na utepe wa kupimia shingoni.

Murielle alitokea na aproni ya saluni, mikono inang'aa mafuta ya nywele. Hakwenda dirishani. Alikuja mlangoni, akavua kandambili, akainamisha kichwa. Ndani ya chumba kulikuwa na meza, viti vinane, na hakuna mtu. Kila aliyemwona alijua amekuja kuomba radhi, hata mtoto angejua. Alifungua mdomo.

"Ba-mama na ba-dada mu Kristo," alisema, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, "musikule tena chakula ya ule mama Mtanzania wa ku dirisha. Miye mwenyewe nimemuona..."

Simu tatu zilinyanyuliwa uani. Mama Elisante alisimama mbele yake na jagi la maji na beseni la kunawia, akasubiri kama mtu anayesubiri chai ichemke. Alisikiliza habari za sufuria. Alisikiliza habari za nyumba ya maiti. Alisikiliza mpaka watoto wakaokolewa na kukawa kimya.

"Nimesikia," alisema, akamimina maji kwenye mikono ya Murielle. "Haya, ingia ule, mdogo wangu, pilau linapoa."